Mtamba kwa Chupa ya Ulinzi wa Rangi

Nasikia pale kijiweni karibu na stendi ya Kayanga mnasema Mama Viti amezeeka, ameanza kuchukia vitu vipya. Kwenye kuzeeka mmesema kweli. Magoti yananiuma, na uzi siku hizi nautunga kwa kubahatisha. Lakini kwenye vitu vipya mmenisingizia. Mimi nilinunua cherehani ya umeme ya kushonea ngozi wakati mafundi wanaume wa mji huu walikuwa bado wanabishana kwamba umeme unakata uzi. Ninachokichukia ni mtu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikimwona kijana anataka kuuziwa, mdomo wangu haunyamazi, na kama unawakera, zibeni masikio.

Leo nataka kuzungumzia kile kifurushi ambacho wauza magari wanakitoa mwishoni kabisa, ukiwa umeshachoka, umeshalipenda gari, na kalamu iko mkononi. Wanakiita ulinzi wa rangi na ulinzi wa ndani. Ni dawa ya kupaka kwenye bodi, dawa ya kupulizia kwenye viti, na karatasi ya dhamana yenye muhuri mkubwa. Mnaniuliza kila mara, "Mama, tuchukue au tuache?" Acheni. Hilo ndilo jibu langu. Ila jibu lisilo na sababu ni ubishi tu, na mimi sababu ninazo, nyingine zilinitoa machozi kabla sijazielewa.

Kwa asiyenijua, naitwa Jovitha, mzaliwa wa Ihanda. Nimeshona viti vya magari Kayanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Banda langu lilikuwa nyuma ya soko, limepakana na banda la Mzee Silvesta, fundi wa rangi, Mungu amrehemu. Yeye alishughulika na nje, mimi ndani. Gari likigongwa lilianzia kwake, akimaliza wanalisukuma hadi kwangu. Nilikuja pale kuuza chai ya maziwa na maandazi. Siku moja nikamwona fundi viti wa zamani akishona kava mshono ukienda upande, nikamwambia. Akaniambia kama najua zaidi nikae mimi. Nikakaa, na maandazi yakapoa siku hiyo.

Mzee Silvesta ndiye aliyenifundisha gari, ingawa hakuwahi kushika sindano. Wiki yangu ya kwanza lililetwa gari la daktari, boneti imejaa vumbi letu jekundu. Nikataka nionekane mchapakazi. Nikachukua kitambaa kikavu, safi kabisa, nikafuta kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu. Boneti ikang'aa. Nikasimama pembeni nikisubiri kusifiwa. Mzee Silvesta akaja, akaniinamisha kichwa hadi shavu likakaribia bati, akaniambia nitazame upande wa jua. Nikaona mikwaruzo midogo ya mviringo, mingi isiyohesabika.

"Umeisugua kwa mchanga," akasema.

"Mzee, nimetumia kitambaa."

"Na kitambaa kilikuwa kimebeba nini?"

Alitumia siku nzima kuyaondoa yale niliyoyafanya kwa dakika tano. Kuanzia hapo nikajifunza kuosha gari: kwanza maji mengi, mengi kuliko unavyodhani, kuanzia juu kushuka chini. Kisha unapitisha kiganja kitupu juu ya bati. Kiganja kikihisi chembe hata moja, hujamaliza kumwaga maji, rudia. Sabuni baadaye, na kitambaa mwisho, tena kilicholowa. Nawaambieni, rangi nyingi za magari ya Karagwe na Kyerwa haziharibiwi na jua wala mvua. Zinaharibiwa na wenye magari wenyewe, Jumapili asubuhi, wakitaka kuwahi kanisani na gari linalong'aa.

Sasa ile dawa ya kupaka, nimeigusa, nimeikwangua kwa ukucha, ninaijua. Ni tabaka jembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Sitaki kusema uongo kwa kuwa nimekasirika: inang'arisha, maji yanateleza, na tope linatoka kirahisi kidogo. Nta ya kopo inafanya hivyohivyo kama utajitahidi kuipaka kila baada ya miezi michache, na mikono unayo. Lakini changarawe ikirushwa na lori pale Omurushaka, haiulizi umepaka nini. Pembe ya ng'ombe haiulizi. Mti wa uzio hauulizi. Na gari likitoka kiwandani lina vanishi yake juu ya rangi, iliyochomwa kwenye tanuri na watu wanaojua kazi yao. Huyu wa dukani anakuuzia koti la kuvaa juu ya koti, halafu koti lenyewe ni la karatasi.

Kuna pia ninyi mnaojilinda wenyewe bila kuuziwa chochote, na ninyi siwaachi. Mwalimu mkuu mmoja alinunua gari, viti vikiwa bado vimefunikwa nailoni za kiwandani. Akazuia mtu yeyote asizitoe. Miaka minne abiria wake waliketi juu ya nailoni, wakitoka jasho na kutoa milio ya aibu kila wanaposogea. Siku alipotaka kuuza gari akaniletea nizitoe, ili mnunuzi aone viti vipya. Nikavuta nailoni ya kwanza. Chini yake kulikuwa na ukungu wa kijani, kwa sababu jasho na unyevu havikuwa na pa kutokea. Mwalimu akaniuliza kwa sauti ndogo kama zile nailoni zinaweza kurudishwa. Nilicheka hadi nikakaa chini, nikamwomba radhi, nikaendelea kucheka.

Lakini nicheke nani? Mimi mwenyewe nimewahi kuuza ulinzi. Hili wengi wenu hamlijui, na ningeweza kulificha hadi kaburini.

Alikuja wakala mmoja na maboksi ya chupa, dawa ya kupulizia viti. Kila chupa niliyouza nilibaki na changu. Nilikuwa na watoto shuleni, na chupa zilinukia vizuri. Nikawa napulizia kipande cha kitambaa, kikikauka namwaga maji mbele ya mteja. Maji yanaviringika yanaanguka, kama kwenye jani la gimbi. Watu wanashangaa. Nikajiona nimeendelea.

Siku moja akaja Ta Kamugisha. Ta ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima kwetu. Ni mfugaji wa Kyerwa, mtu wa mbuga, asiyesema maneno mengi. Alikuwa amenunua pikapu ya mitumba yenye viti vya nyuma, gari la kwanza katika ukoo wao. Akayatazama maji yakiviringika, akafikiri, akauliza, "Hata maziwa?"

Sikuwahi kujaribu maziwa, lakini nilimtazama usoni nikamjibu, "Hata maziwa."

Wiki mbili baadaye walikuwa wanapeleka maziwa kwa wakwe, mtoto wake mkubwa alikuwa anaoa. Maziwa ya shughuli hiyo hayaendi kwenye dumu la plastiki. Yanakwenda kwenye ekyanzi, kile chombo cha mti kilichochongwa, kilichofukizwa moshi wa majani hadi maziwa yanapata harufu yake. Kwa kawaida vyombo hivyo wangeviweka sakafuni juu ya ngata, wakavifunga kamba, na shangazi wa familia angevishika njia nzima. Safari hii waliviweka juu ya kiti kama wageni. Kwa nini wasiviweke? Mama Viti amesema hata maziwa.

Kwenye mteremko mmoja kimoja kikalala. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo siri ya kazi yangu ilipo. Dawa ilifanya kazi. Maziwa hayakuingia kwenye kitambaa, yaliviringika juu yake haraka, kitambaa kikabaki kikavu. Kila mtu ndani ya gari akashangilia, hakuna aliyechukua hata tambara kufuta. Lakini kiti si kitambaa tu. Kiti ni mishono, na kila mshono ni safu ya matundu ya sindano. Maziwa yaliviringika hadi kwenye mshono, yakapita kwenye matundu, yakaingia kwenye sponji. Kama kitambaa kingelowa, wangeona, wangefuta, wangeanika. Dawa yangu iliyaficha maziwa pahali ambapo mkono haufiki.

Siku ya nne gari likaanza kunuka. Sasa mtu mwingine angeleta sabuni. Lakini kwa wafugaji chombo cha maziwa hakiishii kuoshwa, ni lazima kifukizwe, ndiyo usafi wenyewe. Basi mama wa nyumba akafanya alichofundishwa na mama yake: akawasha chungu cha majani, akakiweka ndani ya gari, akafunga milango na vioo. Walilifukiza gari asubuhi nzima. Dari ilikuwa nyeupe, ikawa rangi ya chai. Kapeti likatoboka chungu kilipokaa. Na ile harufu ya maziwa yaliyooza haikuondoka, ilipata mwenzake.

Ta Kamugisha alinijia Kayanga akiendesha huku kichwa kikiwa nje ya dirisha. Bibi harusi alikuwa amepanda gari hilo akatapika mbele ya wakwe zake. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Alishuka, akavua kofia, akaniambia, "Jovitha, ulisema hata maziwa."

Nilikifungua kiti kile nikilia, na kilio hakikuwa cha harufu. Nilitupa sponji nzima, nikaweka mpya, nikashona dari upya na kapeti upya, kwa gharama yangu. Chupa zilizobaki nilizimwaga chooni. Wakala aliporudi nilimwambia aje na maziwa ya moto na kiti chenye mshono, tuanze upya mazungumzo. Sijamwona hadi leo. Ndiyo maana mkiniambia Mama Viti hajui teknolojia, nawaambia naijua kuliko ninyi, niliiuza.

Nilistaafu mwaka juzi. Cherehani nimemwachia binti niliyemfundisha, mimi niko nyumbani na shamba langu la migomba. Siku moja, karibu na saa sita mchana, namenya ndizi, simu ikalia. Alikuwa Erasto, mtoto wa mwisho wa Ta Kamugisha. Wakati wa yale maziwa alikuwa bado anabebwa mgongoni, sasa ni mwanamume mwenye mke.

"Shikamoo, Ma Jovitha."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi? Mbona kuna mwangwi?"

Alikuwa Mwanza, kwenye yadi ya magari ambayo sitaitaja. Alikuwa amepata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye viti viwili. Alitaka kukusanya maziwa ya wafugaji wa kwao ayapeleke Rubwera na Kayanga kila asubuhi. Wamekubaliana bei, na bei imetoka kwenye ng'ombe kumi na moja wa familia waliouzwa mnadani. Sasa muuzaji amemwekea mbele karatasi ya ulinzi wa rangi na ndani.

"Bei yake ni kama mtamba mmoja, Ma," akasema. "Na mtamba aliyebaki wa kuuzika ni Bihogo."

Nikaacha kisu. Bihogo nilikuwa namjua. Ni mtamba mwekundu wa rangi iliyokolea, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe ambaye mama yake Erasto alipewa na baba yake alipoolewa. Mama yule, wa chungu na moshi, sasa ni mzee, meno yamekwisha, anaishi kwa maziwa. Ng'ombe wake mkongwe alikufa msimu wa ukame, na Bihogo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mama alikuwa anahesabu miezi.

"Mama anajua?" nikamuuliza.

"Hajui. Nimempigia kaka, amesema mnunuzi yupo, anaweza kumchukua leo jioni. Muuzaji anasema bei hii ya ulinzi ni ya leo tu." Akateremsha sauti. "Ma, naogopa. Wameuza ng'ombe kumi na moja kwa ajili yangu. Nikifika nyumbani halafu gari likwaruzike wiki ya kwanza, nitawaambia nini?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, wajukuu zangu. Kijana wa watu hakuwa anatamani fahari. Alikuwa anaogopa, na yule bwana alikuwa ameiona hofu yake akaipangia bei.

"Weka simu iwe na sauti ya wote," nikamwambia. "Na nipe huyo bwana."

Sauti ikaja, laini, ya mtu aliyekunywa chai na kushiba. "Mama, shikamoo. Mimi ndiye mshauri wa wateja hapa."

"Marahaba. Nimeshona viti miaka thelathini na zaidi. Nishauri."

"Hii bidhaa mama ni ya kisasa sana, si kama zile za zamani. Inaingia ndani kabisa ya rangi. Na kwenye viti, kitu chochote kikimwagika hakishiki. Nimemwonesha kijana hapa, tumemwaga soda."

"Mmemwaga kwenye kiti?"

"Kwenye kitambaa, mama. Tuna sampuli."

"Ina mshono?"

"Ni kitambaa tu, mama."

"Basi nitafutie sampuli yenye mshono, na maziwa ya moto, umwage kwenye mshono uukandamize kwa dole gumba. Erasto atatazama upande wa chini. Nasubiri, ndizi zangu hazina haraka."

Akacheka kicheko cha kumvumilia bibi. Hakwenda kutafuta chochote. Nikamwambia basi anisomee ile karatasi ya dhamana, sehemu ya mambo yasiyohusika. Akasema ni ya kawaida tu. Nikamwambia mimi napenda mambo ya kawaida, asome. Hakutaka, akasoma Erasto mwenyewe, polepole kama anavyosoma somo kanisani. Haihusu mikwaruzo. Haihusu changarawe. Haihusu uharibifu wa wanyama. Haihusu utomvu wa mimea. Haihusu vimiminika vinavyooza. Gari lirudishwe Mwanza kukaguliwa kila baada ya miezi sita, kwa gharama za mwenye gari. Fundi mwingine akigusa rangi au viti, dhamana imekufa. Na mwisho, haihusu magari yanayotumika kwa biashara.

"Soma tena hapo mwisho," nikasema.

Akasoma tena.

"Bwana mshauri," nikasema, "kirikuu chenu mlidhani anakipeleka fungate?"

Nikasikia mtu mwingine ndani ya ofisi ile akicheka. Sauti ya mshauri ikabadilika. Hakunijibu mimi, akamgeukia Erasto. Akamwambia kwa upole kwamba ni uamuzi wake, lakini wateja wanaothamini mali zao huwa wanachukua. Wanaoacha ni wale ambao, unajua, gari kwao ni kama mkokoteni. Watu wa vijijini.

Erasto akanyamaza. Niliujua ukimya ule. Ni ukimya wa mtu wa ng'ombe akiwa mjini, anayetazama viatu vyake kama vina samadi. Katika ukimya ule vijana wengi wameweka saini.

"Erasto," nikamwita. "Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa, Ma."

"Simama."

Nikasikia kiti kikisogea.

"Baba yako aliniambia maneno manne tu siku nilipomdanganya, na yalinitosha kwa maisha. Huyu hata elfu hayatamtosha, kwa hiyo usibishane naye. Vaa kofia. Tembea hadi mlangoni. Akikuuzia gari bila karatasi, rudi. Asipokuuzia, Mwanza ina yadi nyingi, na ng'ombe kumi na moja wanapokelewa kila mahali."

Nilisikia hatua zake. Kabla hajafika mlangoni mshauri akasema ulinzi atampa kwa nusu bei. Nikapiga kelele kutoka Ihanda hadi kuku wakakimbia: kitu kinachoshuka nusu kabla mtu hajashika kitasa, bei yake ya kweli ilikuwa ipi? Hatua zikaendelea. Akasema basi, tatizo ni kwamba gari limeshapakwa. Nikamwambia Erasto amjibu kwamba kama limepakwa bila yeye kuagiza, hiyo ni zawadi, na tunashukuru kwa zawadi.

Akamjibu hivyohivyo, neno kwa neno.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ulinzi ule ulitembezwa hadi nje ya geti, kisha ukarudi ndani. Kirikuu kikauzwa bila karatasi. Erasto akampigia kaka yake kumwambia mnunuzi asije.

Wiki iliyofuata waliniita Kyerwa nikakione, na nikamshonee kava za viti. Nilimshonea za turubai, zenye zipu, za kuvua na kufua. Nikamwonesha kuweka trei ya bati chini ya madumu, na kufuta maziwa palepale bila kusubiri harufu. Nyuma kwenye bodi nikamwambia atandike majani makavu ya mgomba siku akibeba ndizi, kwa sababu utomvu ukishakauka, hata padri akiuombea hautoki. Hayo ndiyo yote ninayoyajua kuhusu ulinzi. Mtu yeyote anaweza kuyafanya, na ndiyo maana hakuna anayeyauza.

Nilipomaliza, Ta Kamugisha akatoka nyumbani na msumari. Akazunguka kirikuu polepole kama anavyozunguka ng'ombe aliyetoka mnadani. Erasto akamwona baba yake, akauliza, "Tata, unataka kufanya nini?"

"Ng'ombe wangu yupi hana alama?"

"Tata, hiyo ni rangi!"

"Na wale ni ngozi."

Akainama kwenye lango la nyuma, akakwaruza. Alichora ile alama ya ukoo wao, duara dogo na mstari unaoshuka, ndani ya rangi nyeupe iliyokuwa haijawahi kuguswa. Mlio ule wa msumari kwenye bati, mimi niliyelelewa na Mzee Silvesta, nilifumba macho. Erasto alishika kichwa kwa mikono miwili. Baba yake akamaliza bila haraka, akapuliza unga wa rangi, akasema sasa lina mwenyewe, na mkwaruzo wa kwanza umeshapita.

Nami ni fundi, siwezi kuacha bati wazi liliwe na kutu. Kwenye mkoba wangu huwa nina kichupa cha rangi ya kucha ile isiyo na rangi, naitumia kuzuia ncha za uzi zisifumuke. Nikapiga magoti, magoti haya mabovu, nikaipaka ile alama mara mbili, kila mstari. Ilikauka tukiwa tunaitazama.

Mama yake Erasto alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hatua chache kutoka kwake Bihogo alikuwa amesimama, tumbo limeshuka, kiwele kimeanza kujaa. Walikuwa wamemweleza habari yote ya Mwanza siku iliyotangulia. Akaomba mkono, Erasto akamwinua, akamleta hadi nyuma ya gari. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo akaitafuta ile alama kwa kidole, akaipata, akaifuata taratibu kutoka juu hadi chini.

"Ni hiki?" akamuuliza mwanawe. "Ni hiki ndicho walichokutisha nacho, ukataka kuniuzia Bihogo?"

Erasto akamshika mkono, akamrudisha kwenye mkeka, kisha akaenda kumkatia Bihogo majani.